Namna ya kumwona kinyonga usiku katika msitu wa Amani

Wageni wengi wanaofika Amani, huku Usambara Mashariki, hutembea mchana tu. Wanapanda kutoka Sigi, wanapiga picha za miti, wanashuka, kisha wananiambia: "Msitu ni mzuri, ila wanyama hatukuwaona." Nawaelewa. Hapa hakuna tembo wala simba. Wanyama wetu wengi wanaenea kwenye kiganja, na mchana wamejificha. Lala siku moja zaidi, tuingie msituni saa mbili usiku.

Maliza habari ya kibali mchana, pale getini Sigi. Hifadhi hii ya mazingira asilia ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake Tanzania, na ina taratibu zake. Usiku usiingie bila mwongozaji, hata kama njia uliipita asubuhi na unadhani umeikariri. Vaa gambuti na shati la mikono mirefu, suruali uichomeke ndani ya soksi kwa sababu ya siafu. Mkononi usijipake dawa ya mbu, maana ngozi ya chura hunyonya chochote kinachoigusa. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, vyura ndio wengi, lakini njia zinateleza sana.

Tochi ndiyo kila kitu. Iliyo bora ni ya kichwani. Kama unayo ya mkononi, ishike kando ya jicho, usiishike kiunoni. Mwanga ukitoka karibu na jicho lako, macho ya wanyama yanakurudishia mng'ao. Komba ataonekana kama makaa mawili mekundu juu mtini. Ukiona vinukta vya kijani au buluu vinametameta ardhini kama umande, inama utazame: ni macho ya buibui.

Kinyonga hatafutwi kwa macho yake, kwa kuwa usiku amelala na ameyafumba. Tafuta rangi. Akilala ngozi yake hupauka, na chini ya tochi anaonekana mweupe-mweupe katikati ya majani yaliyokoza. Tafuta pia mahali. Hulala ncha kabisa ya kijiti chembamba au juu ya jani, karibu kila mara upande ulio wazi. Sababu ni nyoka: akipanda kumfuata, kijiti kinatikisika, na kinyonga anaamka, anajiachia na kuanguka kwenye majani makavu. Ndiyo maana nawasihi wageni wasiguse vichaka. Ukitikisa kijiti umemwamsha kwa ishara ile ile ya adui, na ataangukia gizani asikokujua.

Sasa tembea. Hatua tano, simama. Pitisha mwanga polepole kuanzia kwenye kifundo cha mguu hadi kifuani, kushoto kisha kulia. Wageni huinua tochi juu mitini, na hapo ndipo wanapomkosa yule ninayempenda kuliko wote: kinyonga mdogo mwenye ndevu, ambaye wataalamu humwita Rieppeleon brevicaudatus. Mkia wake mfupi, mwili mzima hauzidi kidole cha mtu mzima. Mchana yuko chini kwenye majani yaliyokauka, naye anafanana nayo hasa, mpaka mistari ya ubavuni inakaa kama mishipa ya jani. Jioni hupanda kijiti, pengine usawa wa goti tu. Chuchumaa. Utaona kidevuni kinyuzi kidogo cha ngozi, ndizo ndevu zenyewe, na vidole vimekibana kijiti kama koleo. Usimkaribie zaidi ya urefu wa mkono, na mwanga uupitishe pembeni yake, usimmulike machoni.

Ukishamzoea huyo, ndipo uinue tochi. Juu zaidi hulala kinyonga mwingine, Trioceros deremensis, aliyepewa jina la Derema, hapa hapa kwetu. Ni mkubwa, mgongo umeinuka kama tanga. Dume ana pembe tatu usoni, jike hana hata moja.

Katikati ya safari zima tochi dakika tano. Wengi hawapendi, lakini msitu huu nusu yake ni sauti. Perere, yaani pimbi wa mitini, akianza kulia, mtu asiyemjua atadhani kuna mtu anakabwa. Chini yake kuna vyura, na miongoni mwao wapo wa jamii ya Nectophrynoides, ambao hawatagi mayai majini. Wanazaa watoto wakiwa vyura kamili, wadogo kama punje. Kwao msitu wenye unyevu ndio bwawa. Ukifyekwa na jua likafika ardhini, hawana pa kwenda.

Picha piga mbili au tatu, ya ubavu na ya kichwa, bila kumulika kwa karibu. Andika saa, kimo cha kijiti na alikuwa kwenye mmea gani. Ukiirusha picha mtandaoni, andika "Usambara Mashariki" na uishie hapo. Njia na kona usizitaje. Mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, lakini wanunuzi wa kinyonga bado wapo. Mimi nimewahi kurudi kwenye kichaka nilichokipita miezi mitatu mfululizo nikakuta kimekatwa matawi yote ya pembeni, na waliokuwa wakilala pale hawakuonekana tena.

Kabla ya kuondoka, hesabu hatua kutoka njiani hadi kwa kinyonga wako. Kesho yake rudi alfajiri, kabla jua halijapenya. Mara nyingi utamkuta bado yupo, baridi imemshika. Kaa kimya umbali wa mita mbili. Rangi inaanza kurudi taratibu, jicho moja linafunguka na kuzunguka, kisha anashuka kijiti hatua kwa hatua, akiyumba kama jani linalopepea, mpaka anaingia kwenye majani makavu na humwoni tena.