Nane Nane na mtoto asiyevumilia kelele: kwenda Nyamhongolo na kurudi mkiwa wazima

Kosa kubwa hufanyika mapema, kwenye kuchagua siku. Kilele cha Nane Nane, maonyesho ya wakulima na wafugaji, ni tarehe 8 Agosti, na siku hiyo viwanja vya Nyamhongolo, Mwanza, hufurika: spika za kila banda zinashindana, jenereta zinanguruma, vumbi la kiangazi, moshi wa mishikaki. Mtu mzima anachoka. Mtoto ambaye masikio, ngozi au pua yake hupokea kila kitu kwa ukali, awe na usonji (autism) au asiwe nao, hatamwona ng'ombe wala samaki. Atasikia kelele tu. Kwa kawaida maonyesho huanza tarehe 1, na kati ya tarehe 1 na 7 lazima iwemo Jumamosi moja. Nendeni siku hiyo asubuhi, mabanda yanapofunguliwa, na saa 5 muwe mmeshatoka. Tarehe 8 yenyewe ibaki ya nyumbani.

Maandalizi yaanze wiki mbili kabla. Pamba masikioni haisaidii sana, maana sauti hupenya. Tafuta vifuniko vya masikio kama vile vya mafundi wa karakana, vyenye utepe wa kupita juu ya kichwa. Vilivyo bora hupunguza sauti kwa desibeli 20 hadi 30. Usimvalishe mara ya kwanza getini, atavitupa. Nyumbani avae dakika 5 mara mbili kwa siku akifanya anachokipenda, kisha ongeza taratibu mpaka dakika 20. Na asivivae kutwa nzima, kwa sababu masikio yakizoea ukimya, hata sauti ya sufuria itamkera. Ni vya penye kelele tu, akitoka anavua.

Nguo mpya za sikukuu ndizo huharibu asubuhi nyingi. Zifue mara mbili au tatu, na azivae nyumbani kabla ya siku yenyewe. Lebo ya shingoni usiikate kwa mkasi, kwani kisiki kinachobaki huchoma kuliko lebo nzima. Fumua uzi wake kwa wembe. Shati la zamani lililolainika ni bora kuliko jipya la gharama, hata kama shangazi atanung'unika.

Chora au chapisha picha sita: gari, geti, ng'ombe, samaki, kunywa maji, nyumbani. Mpitishe kila jioni, na picha ya nyumbani isikosekane kamwe. Mtoto mwenye hofu anataka kwanza kujua mwisho uko wapi. Ndiyo maana “tutakaa kidogo tu” ni ahadi mbaya. Sema “mabanda matatu, halafu nyumbani”, na yakifika matatu ondokeni, hata kama anacheka na wewe unatamani la nne.

Njiani, daladala ya barabara ya Musoma ina muziki, honi na konda anayegonga bati. Kama hakuna gari la nyumbani, bajaji ya kukodi ina afadhali: injini yake hupiga kelele, lakini ni ya aina moja na hakuna wa kumsukuma. Ikibidi daladala, pandeni inapoanzia safari, akae dirishani, na ulipie siti mbili.

Mkobani weka maji, chakula anachokula siku zote (sikukuu si siku ya kumwonjesha kitu kipya), kofia, nguo za kubadili, tishu na kanga moja nzito. Kanga ndiyo chumba chenu: ukimfunika kichwa na mabega, jua, watu na nusu ya fujo vinapotea. Mtoto anayetulia kwa kubeba vitu mpe mkoba wake mdogo. Mwenye kilo 20 asizidishe kilo 2. Andika namba yako ya simu kwa kalamu mkononi mwake na umpige picha asubuhi, ili akipotea usibabaike kueleza alivyovaa.

Mkifika, kabla ya banda lolote tafuteni mahali pa kupumzikia: pembeni ya uzio, penye kivuli, spika zikiwa mgongoni. Kwenye uwazi, ukiongeza umbali kutoka kwenye spika mara mbili, sauti hushuka kama desibeli 6, kwa hiyo hata hatua 30 zina maana. Anzeni na mifugo. Kila baada ya dakika 15 rudini kwenye kivuli, ahitaji asihitaji.

Dalili za kuzidiwa huja kabla ya kilio: anatafuna kola, anatembea kwa vidole, anacheka bila sababu au ananyamaza ghafla. Ondokeni hapo hapo. Akishalipuka, huko si kudeka, na maneno mengi humwongezea mzigo. Mfunike kanga, mpeleke pembeni, nyamaza. Mkumbatie kwa nguvu kama tu ndivyo anavyopenda. Mwingine kuguswa ni moto. Watu watakuzunguka na ushauri wa mapepo na fimbo. Sema “asanteni, anapumzika” na uwape mgongo.

Tarehe 8, nyumbani, kero ni wageni. Piga simu mapema kwa babu na bibi: mtoto ataamkia kwa mbali au kwa kupunga, asishikwe mkono wala kichwa. Ukisubiri kueleza wakati bibi ameshanyoosha mkono, itaonekana umemkosesha adabu. Pilau ikiwa jikoni, mtoto mwenye pua kali akae upande upepo unakotokea. Chumba kimoja kiwe chake, mgeni asiingie.

Akipenda maji, usimwingize ziwani. Kichocho kipo, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye matete, na ufukwe wenye dagaa walioanikwa una harufu itakayomfukuza kabla hajalowa. Beseni uani linatosha. Mwenye kumudu nauli ya boti na kiingilio ampeleke Kisiwa cha Saanane asubuhi ya siku ya kawaida: kuna mawe ya kukalia, pimbi, na nafasi ya kutembea. Mweleze mapema kwamba boti inatikisika na injini inalia, na vifuniko avivae kabla haijawashwa.