Somo: Kurudi Tanga kutoka Pemba kwa boti ya tanga wakati wa kusi

Wapendwa wa Moshi na Arusha, nimeulizwa sana namna ya kuvusha boti kutoka bandari ya Mkoani, Pemba, hadi Tanga, tupande basi la nyumbani, wakati kusi, upepo utokao kusini, imepamba moto, Juni hadi Agosti. Naongelea boti ya noti 5, yaani maili 5 za bahari kwa saa. Boti hiyo haiwezi kukimbia dhoruba ikishakutana nayo njiani, hivyo kazi kubwa ni kabla ya kung'oa nanga.

1. Usikate tiketi ya basi mapema. Ukiwa nayo mfukoni utaondoka hata bahari ikikukataza. Fuatilia utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Wakitahadharisha mawimbi ya mita 2, bakini Mkoani mle pweza.

2. Ondoka kukipambazuka. Ni maili kama 37, saa 7 hadi 8. Ukichelewa, jua la magharibi litakupiga usoni na miamba ya mbele ya Tanga hutaiona.

3. Lenga Pangani, iliyo kusini ya Tanga. Hapa naomba msome mara mbili. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na kusi ikivuma unaweza kufika noti 3 au zaidi. Kwa saa 7 umeshasukumwa maili 21, wakati Tanga iko kaskazini ya Mkoani kwa maili 17 au 18 tu. Ukielekeza omo, yaani pua ya boti, Tanga moja kwa moja, utaibukia karibu na mpaka wa Kenya, na kurudi kusini huku upepo na mkondo vyote vinakupinga ni mateso. Elekeza omo Pangani, mkondo utakufikisha Tanga. Tazama GPS kila nusu saa, urekebishe.

4. Punguza ukubwa wa tanga kuu kabla hamjatoka bandarini. Upepo utatoka nyuma kushoto, kwa hiyo mti wa chini wa tanga ufungwe kamba usiruke upande wa pili, ukiruka unaua. Jaketi za kuokolea maisha zivaliwe tangu mwanzo.

5. Chakula kipikwe usiku: chapati, viazi, chupa ya chai ya tangawizi.

MASWALI

Msomaji wa Sakina: Shikamoo mzee. Injini si ipo, tanga la nini?
Marahaba. Mawimbi hutibua uchafu wa chini ya tangi la dizeli, chujio linaziba, injini inazima katikati ya bahari. Tanga pia hupunguza boti kuyumba.

Msomaji wa Pasua: Kichefuchefu je, sisi watu wa mlimani?
Dawa imezwe kabla ya kuondoka. Kaa nje, katikati ya boti, macho kwenye upeo wa bahari.

Msomaji wa Usa River: Si bora tungoje kaskazi, Desemba?
Upepo huwa mwepesi zaidi, kweli. Ila siku kaskazi ikikaza, inavuma dhidi ya mkondo uleule, na mawimbi yanakuwa mafupi, yamesimama wima. Siku hiyo mimi sitoki.