Kupiga majengo kwa HDR ukiwa ndo unaanza, mifano ya hapa hapa Dodoma

Kama umewahi kusimama saa nane mchana hapa mjini ukapiga picha duka la zamani lenye baraza, tatizo unalijua tayari. Mbingu inatoka nyeupe kama shuka, au ukilazimisha iwe bluu basi baraza lote linaingia giza, mlango hauonekani, mzee aliyekaa kwenye benchi anageuka kivuli. Na macho yako yaliona vyote, mbingu na mzee. Usiitukane kamera, haijaharibika.

Iko hivi: kamera nyingi za siku hizi ukipiga RAW (faili ghafi la kamera, halijachakatwa) zinabeba kama stopu 12 mpaka 14 za mwanga, na kila stopu moja ni mwanga mara mbili ya ile ya chini yake. Sasa chukua jua letu la kiangazi, hewa kavu, wingu hata moja hakuna, ukuta wa chokaa unaangaza huku na chumba chenye kadirisha kadogo kule, hiyo tofauti kamera haiimezi kwa mkupuo mmoja. HDR ni kupiga picha kadhaa za kitu kilekile, moja ya giza inayoilinda mbingu, moja ya kawaida, moja yenye mwanga mwingi inayoingia mpaka uvunguni, alafu programu inachukua kilicho kizuri kwenye kila moja inaziunganisha. Kazi yako ni kuzipata hizo picha zikiwa zimekaa palepale, hazijasogea hata kidogo.

Kwaiyo traipodi kwanza. Inaweza kuwa ya bei rahisi, haina shida, ila hapa Dodoma upepo ni mwingi hasa kuanzia mwezi wa sita na kuendelea na traipodi nyepesi inatetemeka bila wewe kuona, utagundua ukifika nyumbani kwamba kingo za paa zimekuwa mbili mbili. Dawa yake ni kutundika begi lenye mawe katikati ya miguu, usiirefushe ile nguzo ya kati, na usishike kamera wakati wa kupiga, weka taima ya sekunde 2. Kama lenzi yako ina kizuia mtetemo kizime ikiwa juu ya traipodi. Na tafadhali usibadilishe lenzi barabarani upepo ukivuma, vumbi letu jekundu likiingia kwenye sensa litaonekana kama madoa kwenye mbingu ya kila picha, na HDR inayakoleza.

Setingi ni hizi, ziweke zote kabla hujaanza. Modi ya A au Av, ile unayochagua apecha (upana wa tundu la lenzi) mwenyewe na kamera inatafuta spidi ya shata (muda wa kupokea mwanga). Apecha f/8. ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) 100, sio auto. White balance nayo sio auto, chagua ya jua ubaki nayo, maana ikibadilika katikati picha moja inakuwa ya njano na nyingine ya bluu na kuziunganisha inakuwa shida. Fokasi kwenye jengo alafu hamisha swichi iende manual ili isianze kutafuta tena. RAW. Sababu ya kutumia A ni kwamba tunataka kinachobadilika kiwe shata peke yake, ukibadilisha apecha hata ukali wa mbele na nyuma ya picha unabadilika.

Alafu ingia kwenye menyu utafute brakiting, yaani kamera ikupigie picha kadhaa zenye mwanga tofauti, Canon wanaiita AEB, kwenye Nikon zenye nayo utaona BKT. Weka picha tatu: -2, 0, +2. Hapo ya kwanza inapokea robo ya mwanga na ya tatu inapokea mara nne. Kuna kamera za kuanzia kama Nikon D3500 ambazo hazina kabisa hiyo kitu, usikate tamaa, tumia kile kitufe cha +/- cha kuongeza na kupunguza mwanga, unabadilisha mwenyewe kati ya picha na picha, taratibu tu usiisukume kamera. Ukimaliza angalia histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye skrini, giza kushoto na mwanga kulia: ile ya giza isigonge ukuta wa kulia, ile ya mwanga isigonge wa kushoto. Ikigonga ongeza picha nyingine.

Jengo gani la kuanzia? Mi nakushauri anza na maduka ya zamani yenye baraza mitaa ya katikati ya mji, asubuhi kabla ya saa mbili watu hawajajaa. Baraza lina kila kitu HDR inachohitaji, kivuli kizito, nguzo, na mbingu juu. Waamkie wenye duka, waambie unafanya nini, waonyeshe picha kwenye skrini. Msikiti wa Gaddafi uliofunguliwa 2010 ni mzuri sana kwa mnara wake, na Kanisa Kuu la Anglikana lina kuba ambalo jua la jioni likilipiga ubavuni unapata vivuli vizuri vya mviringo, ila pote omba ruhusa kwanza na usiende wakati wa swala au ibada. Bunge, ofisi za serikali kule Mtumba, Ikulu ya Chamwino, kambi, hizo usifungue traipodi bila ruhusa kabisa, utaulizwa maswali na wako sahihi kukuuliza. Stesheni ya SGR pia uliza walinzi.

Muda: sisi tuko karibu na ikweta, jua likizama giza linaingia haraka. Likishazama una dakika ishirini hivi mbingu ikiwa bluu na taa za jengo zimewaka, ni muda mfupi mno, kwaiyo uwe umeshasimamisha traipodi na umeshapanga kila kitu nusu saa kabla. Mchana wa saa sita mpaka nane acha nje, ingia ndani.

Na ndani ndo nilipoielewa HDR. Rafiki yangu alinipeleka kwa bibi yake upande wa Mvumi, bado ana tembe, ile nyumba yetu ya Kigogo ndefu na fupi kwenda juu, paa bapa la miti na nyasi na udongo. Nikaamkia shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, nikakaa kwanza, nikaeleza nilichofuata. Ndani giza, miti ya paa imekuwa myeusi kwa moshi wa miaka mingi na inang'aa kabisa, na mlango pale mbele unamwaga jua la saa saba. Nikapiga tatu kama nilivyozoea. Hazikutosha, mlango ukabaki kipande cheupe na kona zikabaki nyeusi. Nikahamia M (modi ya kuchagua apecha na shata mwenyewe), f/8 na ISO 100 zilezile, nikaanza 1/500 ambayo ilishika uwanja wa nje vizuri, alafu 1/125, 1/30, 1/8, nusu sekunde, sekunde 2. Picha sita, kila moja imepishana stopu mbili na mwenzake. Ile ya sekunde 2 peke yake huwezi kuiangalia, mlango wote umeungua, yaani mweupe tupu, ila kwenye ile kona unaona kinu, vibuyu, na alama za vidole vya aliyekandika udongo ukutani. Nyumba hizi zinapungua kila mwaka, bati linachukua nafasi, na flashi ingeua kila kitu mle ndani. Kama una bibi au babu mwenye tembe nenda kapige sasa hivi, sio mwakani.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni na kwenye picha ndefu alisogea, akatokea na vichwa viwili. Hiyo wanaita gosti. Kwenye programu kuna sehemu ya kuondoa gosti, iwashe kiwango cha chini kwanza, inachagua picha moja kwa lile eneo linalotembea. Mjini utaihitaji kwa bajaji, bendera, na majani ya mwarobaini ambayo hayatulii hata siku moja.

Kuunganisha kwenyewe ni rahisi. Lightroom unachagua picha zote, unaenda Photo Merge, HDR, unawasha kulinganisha, unasubiri. Huna hela ya Lightroom tumia Luminance HDR, ni ya bure. Shida inakuja baada ya hapo, ukikabidhiwa zile slaida zote. Mi picha zangu za mwanzo nilivuta vivuli mpaka mwisho, nikavuta klariti (ile ya kukoleza kingo) mpaka mwisho, nikaongeza rangi, udongo ukawa kama chungwa na kuzunguka paa kukatokea utepe mweupe kama taa iko nyuma yake. Huo utepe ukiuona jua umezidisha, rudi. Kivuli kiache kiwe kivuli, kipandishe mpaka uone kilichomo alafu simama, baraza likiwa na mwanga sawa na barabara jengo linapoteza umbo, linakuwa bapa kama limechorwa kwenye karatasi. Nikimaliza kuediti nalala nayo, asubuhi naifungua tena na mara nyingi narudisha nyuma slaida karibu zote.

Kitu kingine cha majengo ni mistari. Ukiinua kamera juu kuta zinaegemeana kama zinaanguka kwa nyuma, na HDR inaonyesha hilo zaidi kwasababu kila tofali linaonekana. Rudi nyuma, weka kamera levo, au rekebisha kwenye Transform ya Lightroom (sehemu ya kunyoosha mistari) ukiwa umeacha nafasi pembeni ya kukata.

Wenye simu: simu nyingi zinafanya HDR zenyewe, na kwa baraza inatosha kabisa. Ukitaka kujifunza hasa, Android kuna Open Camera ya bure ina brakiting, iegemeze simu kwenye ukuta au tofali, bonyeza kwa taima. Ile filta ya HDR Scape kwenye Snapseed ni kitu tofauti, inakoleza picha moja uliyonayo, kama mbingu iliungua haiwezi kuirudisha.

Zile RAW usizifute. Picha ya tembe niliiunganisha upya mara tatu, na iliyochapishwa tukampelekea bibi ni ya tatu, yenye kona ambazo bado zina giza kidogo.