Jinsi ya kuandika historia ya mzee wako aliyekuwa injinia isisomeke kama CV ya kuombea kazi

Saa tano usiku, msiba wa baba, injinia wa maji, watu wako nje chini ya turubai, mi niko chumbani nimepewa karatasi ya daftari na mwenyekiti wa kamati ananiambia wewe ndo unajua kuandika, andaa historia ya marehemu, kesho saa nne inasomwa. Nikaandika. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akapanda cheo, akastaafu, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa. Dakika tatu na nusu nimemaliza, watu wakaitikia amina, tukaenda kuzika Kinondoni.

Jioni fundi mmoja mzee sana aliyefanya kazi na baba miaka mingi akanishika mkono, akasema mwanangu umesoma vizuri, ila mzee wako mle ndani sikumsikia.

Iliniuma hiyo. Kwa hiyo kwenye mwaka wake nikaandika upya, ilinichukua miezi kama minne hivi, na nilichojifunza ndo hiki nakuandikia, maana naona kwenye misiba mingi hapa Dar mambo ni yale yale, mtu kafanya kazi miaka thelathini na tano kazi zenyewe zinatajwa kwa mstari mmoja, halafu orodha ya walioleta rambirambi inachukua robo saa.

Kama mzee bado yupo hai

Basi una bahati, anza leo. Ila injinia usimwambie "baba nieleze maisha yako", atakwambia hamna cha kueleza nimefanya kazi nimestaafu basi. Muulize kitu kinafanyaje kazi. Mkiwa kwenye foleni pale Ubungo muulize hivi baba hizi nguzo walizichimbia chini kiasi gani, au kwa nini maji yanatoka kwa nguvu usiku mchana yanakuwa kamba, utashangaa, ataongea mpaka mfike, na katikati ya presha na mabomba atakutajia watu, miaka, alivyokosana na bosi, alivyolala porini wiki mbili. Simu iwe inarekodi. Mwambie lakini kama unarekodi, usimvizie mzazi wako.

Kama ameshaondoka

Anza na begi. Kila mzee wa rika lile ana begi au brifkesi chini ya kitanda ambayo hakuna mtoto alikuwa anaruhusiwa kuigusa. Muombe mama aifungue yeye mwenyewe, ukae naye. Humo utakuta vyeti, barua ya ajira, hati za mshahara, risiti za vitu vilivyokufa zamani, na picha. Piga picha kila karatasi mchana karibu na dirisha, flashi uizime, na ugeuze nyuma ya kila picha maana huko ndo majina na tarehe huwa zimeandikwa kwa penseli.

Tarehe zitagongana, usihangaike. Cheti cha ubatizo cha baba kilisema mwaka mmoja, pasipoti mwingine, na shangazi kule kijijini akasema alizaliwa msimu wa nzige, akakaza. Nikaandika hivyo hivyo, kwamba kwenye makaratasi ni mwaka fulani na dada yake anasema msimu wa nzige. Hakuna aliyelalamika.

Halafu vyeo na vyuo, hapa uwe makini kidogo maana majina yamebadilika na vijana hawayajui. Mtu akikwambia nilisoma Dar Tech, hiyo ndo DIT ya saivi, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ilibadilika 1997. Akisema Mlimani uhandisi, yaani Chuo Kikuu cha Dar, kitivo kile kilianza 1973, kwa hiyo kama mzee alikuwa kwenye madarasa ya mwanzo mwanzo sema, ni jambo kubwa, nchi ilikuwa inahesabu mainjinia wake kwa vidole. Upande wa maji ndo vurugu kabisa, kulikuwa na NUWA, mamlaka ya taifa ya maji mijini, ikaja DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, 1997, ikaja DAWASCO 2005, 2018 zikaunganishwa ikabaki DAWASA. Ukiandika tu "alifanya kazi NUWA" mjukuu atadhani ni jina la mtu. Hata ukisema alikuwa Ruvu, sema Ruvu ipi, Juu ni ule mtambo wa Mlandizi wa mwaka 1959, Chini ni wa upande wa Bagamoyo wa 1976, na waliofanya kazi huko hawapendi uwachanganye.

Na cheo kiandike kilivyo. Kama alisajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, cheti kipo na namba ipo, mwite Mhandisi kwa raha zako. Kama alikuwa fundi sanifu andika fundi sanifu. Usimpandishe mzee cheo akiwa kaburini, wenzake watakuwepo wanakusikiliza, na wengi wao watakwambia fundi sanifu mzuri ndo aliyekuwa anawafundisha kazi mainjinia wapya.

Lingine la namna hiyo, "alijenga". Nimesikia misiba mitano tofauti marehemu "alijenga TAZARA". Reli ile ni kilometa 1,860, imejengwa kuanzia 1970 mpaka 1975, na makumi elfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina. Sasa mzee wako alifanya nini pale? Alikuwa kipande gani, alipima, alimwaga zege, aliendesha mtambo, alikuwa karani wa stoo? Ukisema "alikaa Mlimba miezi minane anapima udongo wa kuweka nguzo za daraja" umempa heshima kubwa kuliko kumkabidhi reli nzima.

Watu wa kuwauliza

Usianzie kwa wakubwa wa ofisi. Wakubwa watakwambia alikuwa mchapakazi, mwaminifu, mpenda watu, ahsante sana, hayo unaweza kuandika bila kutoka nyumbani. Nenda kwa dereva wa ofisi. Dereva anajua mzee alikuwa anaongea nini akikasirika, alikuwa anasimama wapi kunywa chai, nani alimpa lifti kila siku. Nenda kwa mafundi aliokuwa nao saiti, nenda kwa kijana aliyekuja fildi akiwa mwanafunzi akafundishwa, mtafute na mama wa chakula aliyekuwa anawauzia wali pale getini kama bado yupo.

Usiwaulize msibani, pale watu wana majonzi na kuna kelele za sahani. Subiri wiki tatu nne, nenda na sukari kilo mbili na majani ya chai, piga hodi, kaa. Mzee akizunguka mbali muache azunguke, mimi fundi yule alianza na habari za timu yake ya mpira Ilala, nikawa natazama saa, kumbe ndo njia yake ya kufika kwenye habari yenyewe.

Na maswali yawe madogo. "Alikuwa mtu wa aina gani?" inaleta jibu la msibani. Uliza alikuwa anatembea na nini mfukoni. Uliza siku gani alikosea kazi akakiri. Uliza alikataa nini. Hilo la mwisho lilinipa hadithi ya mbuzi, nitakuja.

Fundi ndo akanipa kile ambacho sisi watoto hatukukijua. Enzi hizo kutafuta bomba linalovuja chini ya ardhi walikuwa na fimbo ya chuma, unaisimamisha juu ya valvu au juu ya bomba lenyewe, unaweka sikio upande wa juu, unasikiliza. Maji yakitoka kwenye ufa yanapiga kama mluzi mwembamba. Kazi hiyo inafanywa usiku wa manane maana mchana magari yanaziba kila kitu. Sasa anasema usiku mmoja Manzese, saa nane, mzee kainama na fimbo sikioni, watu wanne wamebana pumzi, mbwa wa jirani akaanza kubweka. Baba akainuka, akatoa mkate wake wa chai mfukoni, akampa mbwa, akarudi kuinama. Wakachimba alipoonyesha, bomba likawa pale pale.

Sisi nyumbani tulijua tu baba anachelewa kurudi. Mama alijua mkate hautoshi.

"Mchapakazi" na "mwaminifu" vifute

Nasema kweli, andika rasimu ya kwanza uviweke, halafu pita na kalamu kila unapoviona, jiulize nani aliona nini. Kama hakuna kitu cha kuweka pale, futa mstari wote.

Mchapakazi nikaweka kwamba alitoka Mbagala saa kumi na moja kasoro alfajiri, enzi za zile gari za abiria za chai maharage, akiwa amekunja soksi mfukoni avae akifika ili zisichafuke. Ilinitosha.

Mwaminifu ndo ile ya mbuzi. Kuelekea Krismasi mkandarasi mmoja alituma mbuzi nyumbani, baba hayupo, sisi watoto tumeshamfunga kwenye mwembe, tumempa na jina. Baba akarudi jioni, akauliza, hakuvua hata viatu, akamuita dereva wakamrudisha usiku ule ule. Mama alinuna siku mbili. Mi nimekuwa namchukia baba kwa ile mbuzi mpaka nimekuwa mtu mzima na mimi nikaanza kuletewa mbuzi zangu.

Kwa mama uaminifu wake ulikuwa mwingine. Alinionyesha tu kwa mkono pale kitandani, akasema mwisho wa mwezi alikuwa anakaa hapa, mimi hapa, bahasha katikati, haijafunguliwa. Tunahesabu wote. Akanyamaza, na mi sikuuliza zaidi. Ukifika mahali kama hapo funga daftari uondoke, kesho ipo.

Weka na kasoro pia, ndogo, ya kuchekesha. Bomba la jikoni kwetu lilivuja mwaka mzima, injinia wa maji yumo ndani, mama akaishia kuita fundi wa mtaani. Kaka alitaka niitoe eti inamvunjia mzee heshima. Tukampelekea mama aamue, mama akasema iache, na uandike na nililipa kiasi gani.

Mambo ya haraka haraka kabla hujachapa

Ugonjwa usiuelezee, "aliugua kwa muda" inatosha. Aya ya kuzaliwa na ndugu, mtoto wa ngapi kati ya wangapi, usiitoe hata kama unaona inaboa, wazee wanaisubiri. Orodha ya watoto na wajukuu msomee mama na shangazi mkubwa kwa sauti kabla haijaenda steshenari, jina moja likisahaulika pale, au mtoto ambaye wengine hawamsemi, hiyo kesi haitaisha kwenye ukoo wenu, na hata marehemu awe alikuwa mtulivu kiasi gani usiandike "watoto wanne" mpaka uwe umeuliza. Kwa Waislamu mazishi huwa ni ya haraka, muda wa kusoma historia ndefu haupo, kwa hiyo hiyo ndefu iwekee hitima au arobaini. Kanisani uliza mapema umepewa dakika ngapi, ukiambiwa tano andaa za nne, kurasa mbili za A4 zenye maandishi makubwa zinatosha kabisa.

Isome kwenye karatasi, usisome kwenye simu. Nimeona mtu anasoma historia ya mama yake simu inaita, skrini inaonyesha "Fundi Gari". Na aliyeandika si lazima asome, kama unajijua machozi yako karibu mpe binamu mwenye sauti, ila asome kwanza mara mbili mbele yako maana majina ya mitambo yatamshinda.

Ukimaliza toa nakala. Moja kwa mama, moja kwa kila mtoto, moja kwenye imeili, na moja mpelekee yule aliyekupa hadithi. Hii ya mwisho usiisahau. Mi nilimpelekea fundi wangu, akavaa miwani, akasoma taratibu kidole kikifuata mstari, akafika kwenye mbwa akacheka, halafu akasimama. Akasema hapana mwanangu, ile haikuwa Manzese, ilikuwa Mabibo, na mbwa walikuwa wawili.

Nikatoa kalamu nikarekebisha nakala yake pale pale. Ya mama bado inasema Manzese.