Jinsi ya kuandika hadithi nyepesi ya upelelezi yenye mchawi: tushone moja ya Mikindani

Hadithi za aina hii zina kawaida zake. Mji ni mdogo, damu haimwagiki mbele ya msomaji, mpelelezi ni mtu wa mtaani tu, na mwishoni watu wanacheka. Kwa Wazungu mchawi wake huvaa kofia ndefu na kupanda ufagio. Huku kwetu Kusini mchawi ni jirani yako, anakopa chumvi, na wapo wanaomwogopa kwelikweli. Kwa hiyo amua mapema utacheka na nani. Mimi huandika vipande vya kusomwa kwenye simu, na hatua ninazozifuata ni hizi. Nitatumia kisa kimoja tangu mwanzo uone kinavyosukwa.

Hatua ya 1: Tafuta mji usiotunza siri

Nimeiacha Mtwara mjini makusudi. Ule ni mji wa bandari, umekua baada ya Vita Kuu ya Pili kwa sababu ya mpango wa karanga wa Waingereza, barabara pana, nyumba zimeachana. Mikindani, mwendo mfupi tu kwa daladala, ina vichochoro vyembamba, milango ya kuchonga na baraza. Ukikaanga pweza, nyumba ya tatu wanajua kama umetia ndimu.

Historia usiimwage. Boma la Wajerumani la 1895 lipo, na Livingstone alianzia safari yake ya mwisho hapo mwaka 1866, lakini msomaji hakuja darasani. Kwenye kisa changu Boma lina kazi moja: kijana anayetembeza watalii amekaa karibu nalo, siku hiyo hajapata mtalii hata mmoja, anachezea simu. Ndiyo maana anakumbuka nani alipita kichochoroni adhuhuri.

Hatua ya 2: Kosa liwe dogo, liume

Mauaji si lazima. Mimi nimeiba fedha za kikoba. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo ziko kwa wanawake watatu, na sanduku lenyewe linakaa kwa wa nne, Mama Zaituni, mbanguaji wa korosho. Siku ya kuvunja kikoba imefika, Idd iko mlangoni, watoto wameahidiwa nguo. Kufuli zote tatu ziko salama. Zinafunguliwa moja baada ya nyingine, na ndani mna daftari peke yake.

Mtaa mzima unasema neno moja: chuma ulete! Hapo umeshapata nusu ya hadithi bila jasho, maana uvumi wa uchawi ndio pazia ambalo mwizi wako atajificha nyuma yake.

Hatua ya 3: Mpe mchawi nguvu, kisha mpe masharti

Mchawi wangu ni Bi Somoe. Anauza korosho za kukaanga na dawa ya chango. Ana ungo, lakini hauvuki maji ya chumvi, kwa hiyo akitaka kwenda Msangamkuu hupanga foleni ya kivuko kama wewe. Ana chungu kinachomnong'oneza maneno yaliyosemwa jikoni usiku wa jana, kwa sharti kwamba asiwe ametia kitu tumboni tangu alfajiri. Naye anapenda mihogo ya asubuhi. Nguvu isiyo na sharti inaua hadithi, kwa sababu msomaji atauliza mbona bibi hakupiga ramli wakamaliza.

Sheria yangu ni hii: uchawi unaruhusiwa kuongeza fumbo, hauruhusiwi kulifumbua. Chungu cha Bi Somoe kinatoa maneno mawili tu, "pasi haikuwaka", na kwa kurasa nyingi hayana maana yoyote.

Sheria ya nchi nayo inachekesha ukiitazama vizuri. Sheria ya Uchawi ilitungwa mwaka 1928 na bado ipo. Anayejitangaza kuwa ana nguvu za uchawi anatenda kosa. Mtendaji anamuuliza bibi kama ni mchawi kweli. "Mwanangu," anajibu, "nikikubali utanifunga, nikikataa nitauza wapi dawa?"

Ila kuna mahali sichezi. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Usimfanye bibi kichekesho kwa uzee wake wala sura yake. Aibu iwaangukie wanaomsingizia.

Hatua ya 4: Anza na mwizi, rudi nyuma

Hapa ndipo wengi huchoka, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Kabla ya sentensi ya kwanza, andika pembeni nani kaiba, vipi, na nini kimemwachia alama. Wangu ni Issa, fundi cherehani, kijana mpole. Wanawake walipokwenda msibani aliingia uani kwa Mama Zaituni. Kufuli hakuzigusa. Aligeuza sanduku, akafungua skrubu za bawaba kwa bisibisi yake ndogo ya cherehani, akachukua fedha, akazirudisha skrubu.

Alama je? Mama Zaituni huficha sanduku chini ya lundo la maganda ya korosho. Aliyezaliwa Mtwara anajua ganda lililopasuliwa lina mafuta makali yanayobabua ngozi na kuacha weusi, ndiyo maana wabanguaji hupaka mikono majivu au mafuta ya kupikia. Issa alifukua kwa mikono mitupu.

Sasa tawanya ushahidi huo mahali ambapo msomaji anacheka. Sura ya kwanza, wanawake wanapaka majivu huku wakimsema mume wa mtu. Sura ya pili, cherehani ya Issa inakwama katikati ya gauni la bibi harusi naye anaitengeneza mwenyewe kwa bisibisi, bibi harusi analia. Sura ya tatu hii:

"Shikamoo bibi."
"Marahaba mjukuu wangu. Mkono umepatwa na nini?"
"Pasi, bibi."
"Pole. Pasi gani hiyo inaingia mpaka katikati ya vidole?"
"Ya mkaa."
"Haya. Nipunguzie kiuno, nimekonda kwa mawazo ya kikoba."

Wote wanacheka kuhusu kiuno, maana Bi Somoe hajakonda. Swali limepita.

Hatua ya 5: Watuhumiwa

Wenye funguo watatu, kila mmoja na siri yake isiyo wizi. Katibu anauza vitenge vilivyovuka Ruvuma bila ushuru. Mwenyekiti anakwenda kwa mganga kumrudisha mume. Wa tatu ametoka tu kugombana na Mama Zaituni. Watatu wanatosha, wakizidi, msomaji wa simu anasahau majina.

Hatua ya 6: Ufumbuzi utoke kwenye jina baya la mchawi

Bi Somoe anatangaza sokoni kwamba amelifunga sanduku kwa dawa: aliyelifukua atababuka vidole. Watu wote wanatazama mikono yao. Issa peke yake anaificha. Dawa hiyo haipo, ni mafuta ya korosho yaliyofanya kazi siku nne kabla, na sasa maneno ya chungu yanaeleweka: siku Issa aliyodai kuungua, pasi yake haikuwa na hata kaa moja la moto.

Adhabu usiipeleke gerezani. Issa anarudisha fedha zilizobaki kwenye foronya na kuwashonea wanakikoba sare bure hadi deni liishe. Mtaa unabaki ukiamini dawa ilikuwa ya kweli, na Bi Somoe hasahihishi mtu. Wateja wameongezeka.

Hatua ya 7: Kata vipande

Kata pale swali linapoulizwa, kabla halijajibiwa. Tuma baada ya isha, watu wakiwa wametulia. Wapo watakaokufuata pembeni wakitaka kumjua mwizi kabla ya wenzao. Hao waambie watume vocha kwanza, kisha wape jina la katibu.