Jinsi ya kukata rufaa mtoto anaponyimwa msaada wa mahitaji maalumu ya elimu nchini England

Mwongozo huu ni wa wazazi na walezi wanaoishi England, kwa kuwa Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina sheria zao. Unahusu maamuzi ya halmashauri juu ya Mpango wa Elimu, Afya na Huduma za Jamii, ile hati inayotajwa katika barua kwa herufi EHCP, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2014 na inayoweza kumlinda mwenye mahitaji maalumu hadi umri wa miaka 25.

Anza kwa kuisoma barua ya halmashauri mara mbili, ukitafuta tarehe iliyoandikwa juu yake na uamuzi wenyewe. Unaweza kukata rufaa iwapo halmashauri imekataa kumfanyia mtoto tathmini, imemtathmini kisha ikakataa kumwandikia mpango, imeufuta mpango aliokuwa nao, au imetoa mpango wa mwisho usiokubaliana nao katika maelezo ya mahitaji yake (Sehemu B), msaada atakaopewa (Sehemu F) au shule (Sehemu I). Rasimu haikatiwi rufaa. Hiyo hujibiwa kwa maandishi, na hupewi chini ya siku 15 kufanya hivyo. Halmashauri ikikaa kimya bila kutoa uamuzi, peleka malalamiko kwanza.

Muda wa kukata rufaa ni miezi miwili tangu tarehe iliyo kwenye barua, au mwezi mmoja tangu tarehe ya cheti cha usuluhishi (kinaelezwa hapa chini), kwa kufuata ile inayochelewa zaidi kati ya hizo mbili. Hesabu haianzi siku bahasha ilipofika mlangoni, na hapo ndipo wazazi wengi wenye hoja nzito hukwama. Baraza, yaani chombo huru cha kisheria kinachosikiliza rufaa hizi, linaweza kuipokea rufaa iliyochelewa kwa sababu ya msingi, lakini hiyo ni hiari ya jaji, wala si haki yako.

Hatua inayofuata ni kumpigia simu mshauri wa usuluhishi, ambaye mawasiliano yake yamo katika barua hiyo hiyo. Hulazimiki kuingia kwenye usuluhishi. Unacholazimika ni kuzungumza naye. Ukimwambia hutaki, atakutumia cheti ndani ya siku tatu za kazi. Rufaa inayohusu shule peke yake haihitaji cheti.

Kisha jaza fomu: SEND35A ikiwa umekataliwa tathmini, SEND35 kwa maamuzi mengine. Hakuna ada yoyote. Ambatanisha nakala ya barua ya uamuzi, cheti, sababu zako, na mpango wenyewe pamoja na ripoti zake kama umeshatolewa. Fomu inauliza kama unahitaji mkalimani. Mwombe wa Kiswahili bila kuona haya, kwa sababu hutamlipa, na kwa sababu si vyema kumbebesha mtoto mkubwa wa nyumbani kazi ya kutafsiri maneno mazito kuhusu mdogo wake.

Sababu za rufaa ndizo zinazostahili muda wako mwingi. Kwa aliyekataliwa tathmini, sheria inauliza maswali mawili tu: je, mtoto ana au huenda ana mahitaji maalumu ya elimu, na je, huenda ikawa lazima asaidiwe kupitia mpango? Haisemi kwamba lazima daktari awe ameutaja ugonjwa, wala kwamba shule lazima iwe imetumia kiasi fulani cha fedha. Barua ikidai kuwa mtoto “anaendelea vizuri”, jibu kwa ushahidi: ripoti za shule za miaka miwili mfululizo, maoni ya mwanasaikolojia wa elimu, na daftari lako la nyumbani. Mstari kama “Jumanne alirudi kutoka shuleni, akajificha chini ya meza kwa saa moja na nusu, daftari la hisabati ni jeupe tangu ukurasa wa nne” una uzito kuliko kurasa tatu za kulalamika kwamba hakuna anayejali.

Kwa anayepinga Sehemu F, kagua kila sentensi. “Atapata msaada wa matamshi kadiri itakavyohitajika” ni maneno yasiyomfunga mtu yeyote. Omba yaandikwe hivi: “dakika 45 kila wiki, ana kwa ana, na mtaalamu wa matamshi na lugha.” Lakini idadi hiyo itoke katika ripoti ya mtaalamu, kwa maana ni vigumu baraza kuipokea kwa neno la mzazi tu, hata awe na uchungu kiasi gani. Kila hitaji lililotajwa katika Sehemu B liwe na msaada wake katika Sehemu F.

Rufaa ikisajiliwa, utapokea namba ya shauri na ratiba: lini halmashauri itajibu, lini ushahidi utafungwa, lini shauri litasikilizwa. Atakuwepo jaji pamoja na mjumbe mmoja au wawili wenye utaalamu wa mahitaji maalumu, mara nyingi kwa njia ya video. Halmashauri nyingi hukubali yaishe kabla ya siku hiyo. Ikiwa hivyo, usiiondoe rufaa mpaka makubaliano yawe mikononi mwako kwa maandishi. Ukikwama popote, kila halmashauri inatakiwa kuwa na huduma ya ushauri ya bure isiyoegemea upande wowote, na shirika la hisani la IPSEA hushauri wazazi juu ya sheria hii bila malipo.

Ukishinda, hesabu tena siku. Amri ya kurekebisha maelezo ya mpango hutekelezwa ndani ya wiki tano. Ukishindwa, una siku 28 tangu kutumiwa uamuzi kuomba ruhusa ya kwenda baraza la juu, nalo husikiliza makosa ya kisheria pekee.