Gari ya haibridi ya mabilioni ikizinduliwa, isome hivi kabla hujaanza kubishana

Wakuu, kila kampuni ndogo huko Ulaya ama Marekani ikizindua gari ya kutisha, hapa kijiweni kwetu Ngamiani, Tanga, kahawa inapoa, simu inazunguka mkono kwa mkono, mmoja anapiga kelele hospawa (nguvu ya gari) 1,800, mwingine anamwambia muongo mkubwa wewe, na mimi fundi niko uvunguni mwa Probox naitwa nitoke nije niamue. Nimechoka kuamua. Nawaandikia ninavyofanya mwenyewe, muanze kuamuana.

Kwanza jua uzinduzi wa kampuni ndogo ni kitu gani. Toyota akizindua, gari ishatengenezwa, zimepangwa zinasubiri meli. Hawa wanaotoa gari 80 ama 100 tu, siku ile mara nyingi wanayo moja, ya maonyesho, na wanachotafuta pale ni kishika uchumba cha matajiri ili wapate hela ya kumalizia kazi. Sio utapeli, ndo biashara yao ilivyo. Koenigsegg wa Uswidi walionyesha Gemera 2020 ikiwa na injini ya silinda 3, lita 2, watu wakaisifia weee, kufika 2023 wakaja na toleo la V8, yani silinda 8. Kwa hiyo kila namba unayoisikia jiulize, hii imepimwa ama imeahidiwa? Mengine yote nitakayosema ni namna ya kulijibu hilo.

Anza na hospawa maana ndo zinazoleta ugomvi. Gari ya haibridi ina injini ya mafuta na mota ya umeme, na watu wanajumlisha tu kama nyanya sokoni. Chukua Toyota Aqua ya toleo la kwanza, hizi hizi zinazopita hapa barabara ya 12 kila dakika: injini 74, mota 61, ukijumlisha unapata 135, lakini Toyota wenyewe wanaandika 100. Zimeenda wapi 35? Hazijaibiwa. Betri yake ndogo, haiwezi kutoa umeme wote ambao mota inaweza kula, na unachopata barabarani ni injini ukiongeza kile betri inachoweza kusukuma kwa wakati ule. Kwa hiyo ukiona kampuni imetaja hospawa za injini, halafu za mota, tafuta na ile ya tatu, ya mfumo mzima. Kama haipo, usijumlishe wewe.

Zipo ambazo hesabu inakubali. McLaren P1 ya 2013, injini 737, mota 179, jumla 916, sawasawa. Ila hiyo 916 ni farasi wa kipimo cha Ulaya, Waingereza kwa kipimo chao wanaandika 903, gari ni ile ile. Nimeona watu wazima wamenuniana kwa hizo 13.

Sasa betri. Hapa ndo penyewe, na ndo watu hawapaangalii. Toa simu, fungua kalkuleta. Hospawa za mota zidisha kwa 0.735 upate kilowati: ya P1 inakuja kama 131. Betri yake ni kilowati-saa 4.7, ndo kiasi cha umeme inachobeba. Gawa 4.7 kwa 131, zidisha 60. Jibu ni dakika mbili na kidogo. Yani ukikanyaga mpaka mwisho bila kuachia, umeme umekwisha hujamaliza hata kashata, na gari inabaki na injini peke yake mpaka ijichaji tena. Sio aibu, kwenye mbio hukanyagi dakika mbili mfululizo, unafunga breki, mota inageuka jenereta, betri inarudi. Lakini kampuni ikikuambia gari ina mota za kutisha na ikakaa kimya kuhusu saizi ya betri, ujue hapo ndo wamefunika sufuria.

Na joto. Mteja wangu mmoja wa Makorora alileta Aqua, taa imewaka, gari nzito kama punda kabeba saruji. Nikafungua kile kidirisha cha hewa ubavuni mwa siti ya nyuma, nikatoa feni, imejaa vumbi, nyuzi za kanga na ganda moja la karanga. Betri inapata joto, kompyuta inapunguza nguvu isije ikaungua, basi. Nikasafisha kwa brashi ya rangi, akaondoka. Hii ya mabilioni fizikia yake ni hiyo hiyo, kwa hiyo usiulize tu mara ya kwanza imekimbia sekunde ngapi, uliza mara ya tano.

Spidi nayo ina ujanja wake. Rekodi ya maana inakimbiwa kwenda na kurudi halafu inachukuliwa wastani, kwa sababu ya upepo na mteremko. Agera RS ya hao hao Koenigsegg, 2017, wastani kilomita 447 kwa saa, njia mbili. Bugatti Chiron 2019 ilifika 490 lakini upande mmoja tu, kwa hiyo usiziweke mizani moja. Na kisa cha kukumbuka ni cha SSC Tuatara ya Marekani, ambayo hata sio haibridi: 2020 walitangaza wastani wa 508, watu wakakaa na video, wakapiga umbali na muda, hesabu ikagoma, mwaka uliofuata kampuni ikakiri haikufika. Waliowakamata walikuwa watu wa kawaida na video ile ile ambayo na wewe ungeweza kuiona. Sisi huku tunapigwa tochi kwenye kibao cha 50, wao hawakuwa na wa kuwapiga.

Sekunde za kutoka 0 mpaka kilomita 100 kwa saa fupi tu: Wamarekani wana mtindo wa kuanza kuhesabu gari ikishasogea futi moja, inapunguza sekunde kama 0.2 ama 0.3. Angalia wamepimaje. Uzito pia, uliza umepimwa na mafuta na maji ndani ama kavu.

Injini ya nani, hilo usiliogope. Kununua ama kutengenezewa sio unyonge. V16 ya Bugatti Tourbillon wameshirikiana na mafundi wa injini Cosworth, Zenvo wa Denmark V12 yao wameifanya na Mahle. Mimi injini yenye mwenyewe anayejulikana inanipa moyo zaidi kuliko "tumeunda wenyewe kila kitu". Kinachonitisha ni picha nzuri. Niliwahi kutuma kianzio cha inveta (kile kifaa cha kubadili umeme wa betri uende kwenye mota) kwa picha safi kabisa, boksi lilipofika ndani kuna inveta ya gari nyingine.

Mwisho itazame video yenyewe: gari imeingia inanguruma au inasukumwa kimyakimya, vioo vyeusi tii, mlango haufunguliwi hata mara moja? Basi pengine ndani hamna dashibodi.

Juzi dogo mmoja hapa alichana boksi la brekipedi, akapiga mstari katikati, upande huu imepimwa, upande ule imeahidiwa, akaanza kujaza gari mpya aliyoiona. Upande wa imeahidiwa ulijaa mpaka akageuza boksi. Upande wa imepimwa aliandika urefu na upana.